Ukuta Haukuzuia Mchoro



Mjukuu wangu aliniomba nimchoree nyumba niliyozaliwa, Ng'ambo, Unguja. Nikachora mlango, baraza na mwembe wa uani. Nilipofika kwenye dirisha la chumba cha bibi, sikukumbuka lilikuwa upande gani. Nimesomesha watoto miaka mingi, lakini siku ile niliona haya. Ndipo nilipomkumbuka mchoraji mmoja wa Sudan, ambaye habari zake zatufaa sisi tuliohama.

Huyo ni Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake akisomesha Qur'ani, na katika chuo hicho ndipo mtoto alipojifunza kusoma, kuandika na kupamba herufi. Kuanzia 1954 hadi 1957 alisomea uchoraji katika shule ya Slade, London. Aliporudi na kuonyesha picha zake Khartoum, watu hawakuvutiwa nazo. Huo ulikuwa ukuta wake wa kwanza. Hakuwalaumu watu, aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchini kutazama maandishi na mapambo ya kwao, kisha akazirejesha herufi za utotoni ndani ya picha. Kati ya 1961 na 1965 alichora picha kubwa, akaipa jina la sauti za ndoto za utotoni zilizozaliwa upya.

Ukuta wa pili ulikuwa ukuta hasa. Mwaka 1975, akiwa na cheo katika wizara ya utamaduni, alikamatwa kwa tuhuma za kuipinga serikali, akakaa miezi 6 katika gereza la Kober bila ya kuhukumiwa. Humo karatasi na kalamu zilikatazwa. Akawa anachora kwa siri kwenye vipande vya mifuko ya saruji na kuvifukia mchangani. Hapo akapata njia yake: picha huanza na kipande kidogo, ikakua kwa kuongezwa vipande vingine. Picha yake mashuhuri ya 1984 na 1985, iliyochorwa baada ya kuhamia Qatar, ni vipande 9 vilivyopangwa pamoja. Mwaka 1998 alihamia Oxford, na mwaka 2013 jumba la Tate Modern, London, likaonyesha kazi za maisha yake.

Sisi hatukufungwa, lakini tuna kuta zetu za kila siku: bahari, pasi na viza, milango ya fleti isiyobishwa hodi, na watoto wasioijua lugha ya bibi zao. Basi tusingoje mpaka tuikumbuke nyumba nzima. Mwenye kukumbuka mlango na achore mlango.

Mimi niliacha nafasi tupu, nikaipeleka karatasi kwa dada yangu Muscat. Alilichora dirisha kwa mkono wake: lilitazama kisima. Na kile kisima, ndugu zangu, nilikuwa nimekisahau kabisa.