Kuitwa na Kujiita

Gari ya Masasi kwenda Newala ilikuwa inapanda ukingo wa Uwanda wa Makonde. Mzee niliyekaa naye akaniuliza, "Mjukuu wangu, asili yenu wapi?" Nikamwambia babu yangu alivuka Ruvuma akitokea Mueda, akaja kukata mkonge Lindi.

"Ahaa. Kumbe wewe Mmawia."

Hakuwa na ubaya wowote. Ila marehemu babu akilisikia neno hilo, chakula kilikuwa hakipiti. "Mimi Mmakonde," alikuwa akisema. "Umawia naitwa tu."

Kuitwa na kujiita: kitenzi ni kimoja, historia mbili. Mawia, au Mavia, ni jina walilopewa Wamakonde wa Msumbiji na majirani zao, na husemwa kuwa maana yake ni watu wakali, wenye hasira. Wenyewe walijiita Wamakonde. Lugha yao ni Shimakonde. Huku Newala ni Chimakonde. Mto upo katikati, na mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kuufanya mpaka. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliwaandika Wamakonde na Wamavia kama makabila mawili. Jina la kuitwa likaingia kitabuni.

Na Kiswahili chetu nacho kina lake. Ukisema fulani "anaitwa daktari", watu wanakubali. Ukisema "anajiita daktari", tayari umemshuku. Yaani lugha inamwamini anayetaja jina la mwenzake kuliko mwenye jina! Babu alipojiita Mmakonde, wengi walimsikia hivyo: huyu anajipachika tu.

Sasa nenda Mwenge, Dar es Salaam, kwenye vinyago vya mpingo. Sanaa ile iliyotangaza jina la Wamakonde duniani ilikuzwa kwa sehemu kubwa na wachongaji waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, walewale walioitwa Wamawia. Sijawahi kuona duka limeandikwa "Vinyago vya Kimawia". Kwenye biashara ni Wamakonde. Kwenye utani na matusi ni Wamawia.

Tulipofika Newala nilimwambia mzee, "Babu, sisi tunajiita Wamakonde."

Akanitazama kidogo. "Basi mngesema mapema," akajibu. "Sisi tuliwakuta mnaitwa hivyo."

Hatukuwahi kuulizwa, nikawaza. Nikamshika mkono, nikamshusha na kikapu chake.