Mirerani: Mji Mdogo Ulioipa Dunia Tanzanite

Jina Tanzanite liko kila kona. Dar kuna Daraja la Tanzanite, lile linalokatiza juu ya maji kuelekea Coco Beach. Timu ya taifa ya wanawake chini ya miaka 20 nayo inaitwa Tanzanite. Marekani, tangu 2002, jiwe hilo limo kwenye orodha ya mawe ya waliozaliwa Desemba. Lakini waulize washkaji kumi wa mjini jiwe lenyewe linatoka mji gani, uone wangapi watapatia. Ni Mirerani, mji mdogo ambao jiwe lake limekuwa maarufu kuliko wenyewe.

Kwa vijana wa Soweto, pale Moshi, Mirerani siyo stori ya mbali. Ni kule ambako kaka wa mtaani aliondoka na begi moja akarudi na gari, na mwingine akaondoka na begi moja akarudi bila hata begi. Unashika barabara ya Arusha, unapita Boma Ng'ombe, ukifika njia panda ya KIA unakata kushoto. Barabara ya lami ya KIA hadi Mirerani ina kilomita 26. Migomba inabaki nyuma, zinaanza nyasi kavu, miti ya miiba na ng'ombe wa Wamaasai. Kilimanjaro inakuwa kaskazini mashariki, Meru kaskazini magharibi, na mvua nyingi zinaishia huko huko milimani. Maji Mirerani ni ishu ya kila siku.

Kuna watu wanadhani Kilimanjaro ndiyo iliyopika Tanzanite. Hapana. Wataalamu wa miamba wanakadiria jiwe hili lina miaka kama milioni 585, wakati Kilimanjaro ni volkano ya miaka milioni chache tu. Jiwe lilikuwa chini ya ardhi kitambo sana kabla mlima haujaanza kuinuka. Eneo lake linalochimbwa ni ukanda mwembamba, urefu wa kilomita 7 hivi na upana wa kilomita 2. Dunia nzima hakuna kwingine linakochimbwa kibiashara.

Kwenye ramani ya serikali, Mirerani iko Wilaya ya Simanjiro, Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Makao ya wilaya yako Orkesumet na ya mkoa yako Babati, lakini maisha ya mji yanaelekea Moshi na Arusha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 178,693 Simanjiro nzima, wilaya yenye takriban kilomita za mraba 20,000. Ni kama watu tisa kwa kila kilomita ya mraba. Mirerani iko tofauti kabisa: Wamaasai wenyeji, Wachaga, Wapare, Wameru, Wairaki na wengine kibao, wote wamebanana kwenye vyumba vya kupanga. Mgodi ukitema, baa zinajaa. Usipotema, mama ntilie anaongeza kurasa kwenye daftari la madeni.

Historia yake inaanza 1967. Jumanne Ngoma alisema yeye ndiye aliyeyaokota mawe hayo kwanza, mapema mwaka huo. Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, alisajili eneo mwaka huo huo. Simulizi nyingine zinawataja wachungaji wa Kimaasai walioona mawe ya bluu yaking'aa, ila wao hawakuandikwa popote. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalipa jina la Tanzanite, maana jina la kitaalamu, zoisaiti, kwa masikio ya Kiingereza lilikaribia neno la kujiua. D'Souza alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1969. Ngoma alisubiri mpaka 2018 ndipo serikali ilipomtambua rasmi na kumpa shilingi milioni 100. Akafariki Januari 2019, hata mwaka haujaisha.

Mwaka 1971 migodi ilitaifishwa. Baadaye usimamizi ukalegea, na vijana wakamiminika na sururu zao. Serikali ikaligawa eneo kuwa vitalu vinne, A, B, C na D. Kitalu C kikaenda kwa kampuni kubwa, B na D vikawa vya wachimbaji wadogo. Hapo ndipo lilipokolea jina la wanaapolo, yaani wale wanaozama chini. Watoto wadogo wa kupenya kwenye matundu membamba wakaitwa nyoka. Wanaapolo wengi hawakuwa na mshahara. Mwenye mgodi alitoa chakula, wao wakatoa nguvu, na wote wakasubiri siku ya kutema ndipo wagawane. Wengine walisubiri miaka.

Na wengine hawakutoka. Aprili 1998, mvua za El Niño zilijaza mashimo maji na zaidi ya watu 50 wakafa. Juni 2002, karibu watu 40 walikufa kwa kukosa hewa. Machi 2008 mafuriko yakarudi, yakaua zaidi ya 60. Chini kule mashimo ya wamiliki tofauti hukutana, jambo ambalo wachimbaji huliita mtobozano. Maji yakiingia shimo moja, wa shimo la jirani naye hana pa kukimbilia.

Kisha ukaja ukuta. Rais Magufuli aliagiza ujengwe Septemba 2017, JKT wakaujenga fasta, na ukazinduliwa Aprili 2018. Ni kilomita 24.5 kuzunguka machimbo, na anayetoka anapekuliwa. Lengo lilikuwa kuzuia utoroshaji. Juni 2020, Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Simanjiro, akaiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Agosti akarudi na la kilo 6.3 akavuta zaidi ya bilioni 4. Mitandao ikawaka, kila mtu akataka kuwa Laizer. Mwaka 2021 serikali ikaagiza biashara ya Tanzanite ifanyikie Mirerani kwenyewe, na mabroka wa Arusha wakalalamika sana.

Kwa hiyo pesa imeanza kusogea karibu na shimo. Ila Laizer ni mmoja. Nje ya picha ile ya hundi kubwa kuna wanaapolo waliozama usiku ule ule na kutoka mikono mitupu, na akina mama wanaochekecha kifusi wakitafuta punje zilizosahaulika.

Mirerani leo inajua uzito wa mawe ya Laizer mpaka gramu. Waliokufa 1998, 2002 na 2008 bado wanatajwa kwa "zaidi ya" na "karibu". Pale Soweto, kuna nyumba ambazo zinajua jina kamili.