Kobe Aliyeishi Kwenye Karatasi

Katika kufundisha majina ya wanyama hapa Kacyiru, mara kwa mara tunakwama mahali pamoja. Mwanafunzi aliyekulia katika Kinyarwanda huja na neno lake, akanyamasyo. Kiswahili kinamtaka achague: kobe wa nchi kavu au kasa wa baharini. Je, yule wa mitoni na kwenye vinamasi aitweje? Wengi husema kobe wa maji, nasi tunakubali. Hata hivyo, historia ya kobe mmoja wa maji wa Shelisheli inatukumbusha kwamba jina kuandikwa ni jambo moja, na mwenye jina kuwapo ni jambo jingine.

Mwaka 1895 mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, August Brauer, alikuwa Shelisheli akikusanya viumbe. Kati ya vielelezo vyake vilivyohifadhiwa Ulaya walikuwamo kobe watatu, walioandikiwa kuwa wametoka kisiwa cha Mahé. Mwaka 1906 Friedrich Siebenrock wa Vienna aliwaeleza kuwa ni kobe wa pekee wa visiwa hivyo, na baadaye wakapewa hadhi ya spishi kamili: Pelusios seychellensis.

Kasoro ilikuwa moja tu. Waliomtafuta Mahé hawakumpata. Hatimaye akaingizwa katika orodha za viumbe waliotoweka duniani, na binadamu akahesabiwa kuwa ndiye mkosaji.

Mwaka 2013 Heiko Stuckas, Richard Gemel na Uwe Fritz walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya kielelezo cha zamani. Vililingana na vya Pelusios castaneus, kobe wa Afrika Magharibi, upande wa pili wa bara! Ama maandishi ya asili yake yalikosewa, ama watu waliwafikisha Mahé na hawakudumu. Kwa vyovyote, spishi hiyo haikutoweka, kwa sababu haikuwahi kuwapo.

Tusiwacheke wanasayansi. Kwa zaidi ya karne moja kosa lilipita kitabu hadi kitabu kwa sababu kila mwandishi alimwamini aliyemtangulia. Je, sisi walimu wa lugha hatufanyi hivyo? Ni mara ngapi tunanakili maana kutoka kamusi moja hadi nyingine bila kumuuliza mzungumzaji? Wenzetu walikirudia kielelezo chenyewe, wakasahihisha. Nasi hatuna budi kuyarudia matumizi yenyewe.

Tena kosa la jina lina gharama. Shelisheli wapo kobe wa maji walio hai, Pelusios subniger na Pelusios castanoides, wanaopatikana pia bara na Madagaska. Hao wanahitaji vinamasi leo. Itakuwa hasara kumlilia asiyekuwapo huku waliopo wakikosa maji.

Basi mwanafunzi akituuliza jina la mnyama, kwanza tumwulize: umemwona wapi?