Metadata, Yaani Wasifu wa Picha

Mtu mwenye picha elfu kumi na tano kwenye diski huanza kwa kufungua makabrasha: Harusi, Kazini, Watoto, Nyingine. Haupiti muda, Nyingine limekuwa kubwa kuliko yote. Picha ya watoto waliobeba maua harusini iende kabrasha gani? Ukiiweka kote kuwili umeongeza mzigo, ukiiweka kumoja utaitafuta kwingine. Swali hilo hujibiwa na kitu kilichomo ndani ya faili lenyewe, ambacho mafundi hukiita metadata.

Neno hili limeingia kwenye Kiswahili zima zima. Wapo wanaolifasiri “data kuhusu data”. Si kosa, lakini humwacha msikilizaji pale pale alipokuwa. “Maelezo” lingefaa, ila magazeti yalishalichukua kwa ajili ya maneno yanayowekwa chini ya picha, na ukilitamka Dar es Salaam wapo watakaodhani unaizungumzia Idara ya Habari, inayoitwa kwa neno hilo hilo. Mimi natumia wasifu. Neno hili tunalijua kwenye maombi ya kazi, na tunalijua zaidi misibani, pale wasifu wa marehemu unaposomwa: alizaliwa lini, wapi, ni mtoto wa nani. Kwa mifumo ya benki na maktaba metadata na ibaki ilivyo. Kwa picha, wasifu unatosha.

Nusu ya wasifu huo huandikwa na kamera. Utaratibu wake, Exif, ulitungwa Japani mwaka 1995, na simu yako inaufuata mpaka leo. Chukua picha ya harusi iliyopigwa Tanga. Ndani yake utakuta 2019:08:17 16:42:10, aina ya simu, mwanga ulioruhusiwa kuingia, na kama simu iliruhusiwa kujua ilipo, latitudo na longitudo. Saa hiyo ni ya Kizungu: 16:42 kwetu ni saa kumi na dakika arobaini na mbili alasiri. Anayeandika “saa mbili” kwa mkono bila kusema asubuhi au usiku, huku kamera imeandika 08:00 au 20:00, amemtegea mtego mjukuu atakayeisoma.

Saa ina kisa kingine. Mpaka mwaka 2016 kanuni za Exif hazikuwa na mahali pa kuandika saa hiyo ni ya ukanda upi. Binamu akija kutoka London mwezi Agosti na kamera yake hajaibadilisha saa, picha zake zitakuwa nyuma kwa saa mbili. Zichanganye na za ndugu wa Tanga, uzipange kwa muda: keki inakatwa kabla ndoa haijafungwa. Dawa si kuzihamisha moja moja. Programu nyingi za picha zinaweza kusogeza saa za kundi zima mbele au nyuma kwa mkupuo, na hilo lifanywe kabla ya kuzichanganya.

Picha za zamani zilizopitishwa kwenye skana zina tarehe mbili, na Exif inazitenga: siku picha ilipopigwa na siku ilipogeuzwa kuwa ya kidijitali. Skana inaijua ya pili tu. Usipoijaza ya kwanza, bibi aliyepigwa picha studio mwaka 1978 ataonekana kana kwamba alikaa mbele ya kamera mwaka jana.

Nusu ya pili kamera haiwezi kuiandika: nani yumo, na tukio lilikuwa nini. Nafasi zake zilipangwa na IPTC, baraza lililoundwa na mashirika ya habari mwaka 1965, na mtu wa kawaida anaweza kuzitumia kama mhariri wa gazeti anavyozitumia. Hapa ndipo wengi wetu tunapozembea. Tunaandika “shangazi na Mama Asha”. Shangazi wa nani? Akina Mama Asha ni wangapi mtaani? Andika majina yote matatu, kisha ukitaka uongeze la heshima. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Zimehifadhiwa vizuri mno, lakini wengi waliomo hawana majina, aliyeyajua hakuulizwa.

Wasifu pia hupotea njiani. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa na Exif yake huondolewa. Kwenye Android inabaki na jina kama IMG-20190818-WA0031, na tarehe hiyo ni ya WhatsApp, si ya harusi. Ukitaka ifike nzima, itume kama hati. Kwa faragha, uondoaji huo una faida: si kila mtu kwenye kundi la ukoo anastahili kujua nyumba yako ilipo.

Jambo la mwisho huwaponyoka hata wenye bidii. Programu nyingine huweka majina uliyoandika kwenye kumbukumbu zake yenyewe, si ndani ya faili la picha. Nyingine huyaweka kwenye faili dogo la pembeni. Ukihamia programu nyingine, picha zinakuja na majina yanabaki. Kabla hujaandika majina ya ukoo mzima, jaza ya picha moja, inakili kwenye kompyuta nyingine, uifungue kwa programu tofauti. Kama majina hayaonekani, tafuta kwenye mipangilio amri ya kuandika wasifu ndani ya faili.