Kitui Haina Bahari, Lakini Ina Nyuzi za Boti

Najua swali lako la kwanza: boti na Kitui, wapi na wapi? Watu wanatafuta maji ya kunywa, wewe unaleta stori za mashua! Tulia kwanza.

Zamani Lamu na visiwa vyake walijenga chombo kinaitwa mtepe. Hakikuwa na msumari wa chuma. Mbao zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Na si mambo ya juzi: kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, Periplus, kinataja soko la pwani yetu lililoitwa Rhapta, jina lililotokana na mashua za kushonwa. Mitepe ilidumu hadi mwanzo wa karne ya 20.

Sasa panda bara. Miaka ya 1840, misafara ya Wakamba ilishusha pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Mombasa, na Kivoi alikuwa mfanyabiashara mwenye jina kubwa. Nyumbani, akina mama walisokota nyuzi za mbuyu wakafuma vyondo. Pwani walishona mashua, bara wakafuma vyondo, lakini akili ni ile ile: uzi mmoja hukatika, nyingi zikisokotwa hubeba mzigo.

Mkonge ulikuja baadaye. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliufikisha Tanga; miche 62 tu ndiyo ilipona safari. Ukavuka hadi Kenya, na leo Kibwezi, kaunti ya Makueni, kuna shamba kubwa la mkonge.

Cheki boti la faibaglasi basi. Ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya rezini. Nyuzi zinabeba nguvu ya kuvutwa, gundi inashika umbo. Kitambaa cha katani kinaweza kufanya kazi hiyo kwenye boti ndogo. Si muujiza: katani ni dhaifu kuliko kioo, na inakunywa maji, kwa hivyo lazima ikaushwe vizuri kisha ifunikwe na gundi kila upande. Lakini hatujengi meli. Kiambere, mpakani mwa Kitui, ni bwawa lenye wavuvi. Jaribio lianzie hapo.

Chuo sikumaliza, lakini hesabu hii naielewa. Tukiona katani tunaona kiondo cha mtalii na kamba ya mbuzi, basi. Susu wako akiondoka na ujuzi wa kusokota, tutaununua kwa nani?