Chakula cha Asili Kina Tarehe: Kuisoma Historia ya Gisenyi Mezani

Katika miji mingi ya kihistoria, mgeni hufundishwa historia kwa kutembezwa na kuonjeshwa vyakula. Mjini Kraków, Poland, mwongozaji humlisha mgeni pierogi huku akimsimulia habari za wafalme. Gisenyi nako, mji wa Wilaya ya Rubavu ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu, mgeni anaweza kutembezwa kwa miguu akionja hiki na kile. Kila sahani huletwa na maneno yaleyale: "Hiki ni chakula chetu cha asili, tangu enzi za mababu." Insha hii inayachunguza maneno hayo. Hoja yangu ni kwamba vyakula hivyo ni vyetu kweli, lakini vingi vilikuja, na baadhi vilikuja juzi tu.

Tuanzie sokoni. Mtama, ulezi na ndizi ni wenyeji wa muda mrefu katika eneo hili la Maziwa Makuu. Lakini maharage, mahindi, muhogo na viazi vyote asili yake ni bara la Amerika. Kwa hiyo isombe, yaani kisamvu, mboga ambayo mgeni huambiwa ndiyo Rwanda yenyewe, hupikwa kwa majani ya mmea uliovuka Bahari ya Atlantiki. Viazi mviringo vilifika hapa wakati wa ukoloni wa Wajerumani, uliokoma mwaka 1916 Wabelgiji walipoiteka nchi. Leo udongo wa volkano wa Rubavu, Musanze na Nyabihu unalisha nchi nzima kwa viazi. Tena, hata Poland inayojivunia vyakula vyake vya viazi ilivipata kutoka hukohuko Amerika.

Kutoka sokoni, mgeni hushuka ziwani kula sambaza, samaki wadogo wanaokaangwa na kuliwa wazima, kichwa na mkia. Jioni, mitumbwi mitatumitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu huondoka ikiwa na taa za kuwavuta samaki, na wavuvi hupiga makasia wakiimba. Ukitazama mandhari hiyo, ni rahisi kuamini kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache za samaki, na katika maji yake ya kina hapakuwa na samaki wa kula viumbe vidogo vinavyoelea humo. Ndipo, kati ya mwaka 1958 na 1960, wataalamu wa utawala wa Kibelgiji walipochukua samaki wachanga kutoka Ziwa Tanganyika na kuwamwaga humu. Walileta aina mbili, na moja tu ndiyo iliyostawi. Ni ndugu wa dagaa wa Kigoma na ndagala wa Bujumbura. Maana yake ni kwamba mzee wa miaka 75 anayeishi Rubona leo ni mkubwa kuliko sambaza wa ziwa lake.

Rubona yenyewe ina ushahidi mwingine. Watu wa eneo hili walikuwa na pombe zao: urwagwa wa ndizi na ikigage cha mtama. Mwaka 1957 ilianzishwa Bralirwa, iliyojenga kiwanda cha bia hapo kando ya ziwa, na tangu miaka ya 1960 kiwanda hicho kiliwahi kutumia gesi ya methani iliyovutwa kutoka kilindini mwa Ziwa Kivu. Chupa ya Primus inayoshushia sambaza, basi, ina umri unaokaribiana na wa samaki wenyewe.

Chakula kinaendelea kuja na kwenda. Kwenye mpaka wa Petite Barrière, kabla ya janga la Uviko-19, makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku kati ya Gisenyi na Goma. Wengi wao walikuwa wanawake waliobeba mboga, nyanya, maziwa na unga. Mpaka ulipofungwa mwaka 2020, familia za pande zote mbili zilihisi mara moja kwamba sufuria zao zilikuwa zikitegemeana.

Je, kuna ubaya gani kumwambia mgeni "tangu enzi za mababu"? Katika nchi yetu swali la nani alitangulia na nani alikuja baadaye si la mzaha. Wakoloni waliandika kwamba baadhi ya Wanyarwanda ni wageni waliotoka mbali, na katika miaka ya 1930 wakaweka kabila kwenye vitambulisho. Hadithi hiyo ya asili ilihubiriwa tena na tena hadi ikatumika katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Sisemi kwamba sahani ya sambaza inalingana na jambo zito kama hilo. Nasema kwamba tabia ya kudai kila kilicho chetu kimekuwapo tangu mwanzo ni tabia ya kuiogopa historia, nasi tuna sababu ya kutoilea hata katika mambo madogo.

Kwa hiyo, waongozaji wa Gisenyi waendelee kusema "chetu", kisha waongeze mwaka na njia kilikopitia. Waseme: maharage haya yalitoka Amerika, samaki hawa walitoka Tanganyika, nyanya hizi zilivuka mpaka asubuhi. Mgeni hatakula kidogo kwa sababu hiyo. Na kijana wa Rubavu atakayesikia maelezo hayo atajua kwamba kitu hakihitaji kuwa cha kale ndipo kiwe cha kwao.