Maji ya Shela na Ustawi wa Mataifa

Atokaye mji wa Lamu kwa miguu, akiufuata ufuko, hufika Shela kabla saa moja haijatimia. Hapo ndipo, mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu walipolishinda jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa. Lakini vilima vya mchanga vya Shela vina sifa iliyo kubwa kuliko ya vita: huyapokea maji ya mvua, huyachuja na kuyahifadhi chini, nayo hutekwa visimani kwa matumizi ya Shela na ya mji wa Lamu.

Mvuvi wa Shela na mgeni wa Ulaya aliyepanga jumba la ghorofa huoga maji hayo hayo. Hata hivyo watoto wao hawana bahati moja. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa, katika kila watoto 1,000 wazaliwao Kenya, 41 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uingereza hawafiki 6.

Wako wasemao kuwa sababu ni utajiri tu. Historia haikubali. Katikati ya karne ya 19 Uingereza ilikuwa tajiri mno, na huku London ikinywa uchafu wake yenyewe. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 katika mtaa wa Soho. Daktari John Snow akaonyesha kuwa chanzo ni pampu moja ya maji. Bunge liliamka mwaka 1858, uvundo wa mto Thames ulipowafikia wabunge wenyewe. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipoagizwa kujenga mifereji mikubwa ya maji machafu chini ya ardhi. Fedha zilikuwapo tangu zamani. Kilichokosekana ni nia.

Nasi tumepiga hatua. Wakati wa uhuru, mwaka 1963, Mkenya alitarajiwa kuishi kama miaka 50; leo yapita 60. Tangu mwaka 2003 shule za msingi za serikali hufundisha bila karo.

Basi, mwanafunzi, usiupime ustawi wa nchi kwa majumba yake. Uliza mnyonge wake hunywa maji gani. Vilima vya Shela vikijaa majumba na mashimo ya vyoo, visima vitaharibika kwa wote. Ila tajiri atanunua maji kwengine, na mvuvi atabaki na ndoo yake tupu.